Tulivyoipima Benki Yetu kwa Punje za Mahindi

Kila msomaji wa gazeti hili aijua Benki ya Wanafunzi, maana hapana aliyekaa bwenini muhula mzima bila kupanga mstari mbele ya dirisha lake. Lakini si wengi wajuao kwamba kabla benki hiyo haijapokea hata shilingi moja ya kweli, ilikaa majuma matatu ikipokea mahindi. Mhariri ameniomba nieleze jambo hilo lilivyokuwa. Nimekubali, ingawa katika kulieleza sina budi kueleza na jambo jingine ambalo ni la aibu kwangu. Naona heri liandikwe.

Kwanza yafaa nieleze hali ya zamani. Sheria ya shule hairuhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mzazi aliye Iramba, Mkalama au Manyoni akitaka kumpelekea mwanawe nauli au fedha za sabuni, huzituma kwa simu kwa mwalimu mlezi, naye huziandika. Mpaka mwaka jana ziliandikwa katika madaftari mawili: moja ofisini kwa mlezi, na moja katika duka letu la ushirika, ambako mimi nilikuwa karani. Jioni tuliyalinganisha madaftari hayo, yaani siku zile tulipokumbuka.

Mwezi wa Juni mwaka jana, siku ya kufunga shule, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuja dukani kuchukua shilingi 15,000 alizotumiwa na bibi yake kwa nauli ya kwenda kwao Mkalama. Daftari langu lilionyesha kwamba amekwisha kuzichukua. Daftari la ofisini lilionyesha kwamba hajazichukua. Mstari ulikuwa mrefu, basi lilikuwa likipiga honi barabarani, na kila mtu alikuwa na haraka. Ikaaminiwa kwamba daftari la duka ndilo la kweli, kwa kuwa ndilo lililo karibu na fedha. Wenzake wakamcheka, na mmoja akamwita mwongo mbele ya watu. Kijana yule alilala bwenini peke yake siku mbili, hata lori la alizeti lililokuwa likielekea upande wa kwao likamchukua.

Tulipofungua shule nililifunua daftari lile, nikaona. Palikuwa na wavulana wawili wenye jina la kwanza moja, mistari yao ikifuatana, nami niliandika malipo ya mmoja katika mstari wa mwingine. Nikalifunga daftari. Hapana aliyeniuliza, nami sikusema.

Mwezi wa Januari mwaka huu, mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye ni mlezi wa chama cha kompyuta, alitupa kompyuta tatu za zamani zilizotengenezwa, akatwambia tuandike programu ya kuweka hesabu badala ya madaftari. Moja iliwekwa dukani, moja ofisini kwa mlezi, na moja maktaba, zote zikiunganishwa kwa waya. Kila moja ilikuwa na nakala ya kitabu kizima cha hesabu, na badiliko lolote lililoandikwa katika moja lilipelekwa kwa zile mbili. Kitabu cha hesabu kilicho ndani ya kompyuta huitwa hifadhidata. Na kikiwekwa katika kompyuta nyingi zinazosaidiana, huitwa hifadhidata iliyosambazwa. Faida zake ni mbili. Mstari wa watu hugawanyika, na mashine moja ikifa kitabu hakifi nayo.

Jambo hili si la shule yetu tu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hapa kwetu mwaka 2008, watu wengi walisema kwamba sasa fedha zapita hewani. Kwa kweli hakuna noti iliyopita hewani. Mama auzaye vitunguu sokoni Singida akimtumia mwanawe shilingi 20,000 Dodoma, kinachotendeka ni kwamba katika hifadhidata hesabu ya mmoja yapunguzwa na ya mwingine yaongezwa. Siku hizi Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo uitwao TIPS, uunganishao benki na makampuni ya simu ili fedha ziweze kutoka huku na kuingia kule mara moja. Basi kama vitabu hivyo vikikosea, mtu aweza kulala na njaa ingawa hapana mwizi aliyemwibia.

Sisi tulipomaliza kuandika programu tuliijaribu mara chache, ikaenda vizuri, tukamwambia mwalimu kwamba benki iko tayari. Mimi nilikuwa nimeandika sehemu kubwa, nami nilijivuna sana. Mwalimu akauliza, "Mmeipima?" Tukajibu kwamba tumeipima. Akasema, "Mmeitazama siku njema. Haya, ipimeni siku mbaya."

Kisha akatusimulia habari za uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013. Palikuwa na mfumo wa kompyuta wa kupeleka matokeo kutoka vituoni hadi Nairobi. Kazi ilipoanza kwa wingi mfumo ukashindwa, ikabidi maofisa wachukue karatasi za matokeo wenyewe mpaka Nairobi, na mshindi alitangazwa tarehe 9. Tena hesabu ya kura zilizoharibika ilionekana kubwa mno, hata watu wakaingiwa na wasiwasi. Baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. "Mfumo huo haukupata kubeba mzigo wake wote mpaka siku yenyewe," mwalimu akasema, "na siku yenyewe si siku ya kujifunzia."

Basi tukapanga jaribio. Tuliwaomba wanafunzi 40 wa Kidato cha Kwanza watusaidie. Kila mmoja alipewa kopo lenye punje 50 za mahindi, na katika benki akafunguliwa hesabu ya 50. Jumla ilikuwa punje 2,000. Sharti lilikuwa hili: kila apelekapo punje kwa mwenzake, atoe punje zenyewe koponi na pia apite kwa karani zikaandikwe. Hapana punje itakayoingia wala kutoka nje ya chumba. Kwa hiyo mwisho wa yote jumla katika kila kompyuta sharti iwe 2,000, na hesabu ya kila mtu sharti ilingane na kopo lake. Nilikuja kusoma baadaye kwamba wataalamu hutumia jaribio la namna hii hii, isipokuwa wao hawana mahindi.

Duru ya kwanza tulikwenda polepole, mtu mmoja mmoja. Kila kazi ilichukua kadiri ya sekunde mbili. Jumla ikawa 2,000 katika kompyuta zote tatu. Nikamtazama mwalimu, naye akatazama dirishani.

Duru ya pili kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka punje mara tano, wote kwa pamoja, kupitia dirisha lolote kati ya matatu. Hizo ni kazi 200. Zilipokwisha, kompyuta ya duka ilisema 2,012, ya maktaba ikasema 2,012, na ya ofisi ikasema 1,991. Mwenzangu mmoja akasema, "Mbili zimekubaliana, basi hizo ndizo za kweli." Mwalimu akacheka, akasema kwamba waongo wawili wakikubaliana hawageuki kuwa mashahidi. Hapo nilikumbuka daftari la duka, moyo ukanipiga.

Tukatafuta sababu kwa siku nne. Tuseme mtu ana punje 50. Karani wa duka asoma hesabu yake, 50. Wakati ule ule karani wa maktaba naye aisoma, 50. Wa duka atoa 10 na kuandika 40. Wa maktaba atoa 5 na kuandika 45 juu ya ile 40. Aliyepelekewa zile 10 amezipata, lakini aliyezitoa hakupunguziwa. Punje 10 zimezaliwa bila ya shamba. Kosa hili halionekani kamwe watu wakija mmoja mmoja; hutokea pale tu wanapokuja kwa wingi. Kompyuta ya ofisi nayo ilitofautiana na wenzake kwa kuwa baadhi ya habari zilizopelekwa kwake zilipotea njiani waya ulipoelemewa.

Tulipima pia muda. Kwa wastani kila kazi ilichukua sekunde nne, nasi tukaona si vibaya. Mwalimu alitukataza kuridhika na wastani. Alituamuru tupange kazi zote 200 kutoka ya upesi hadi ya polepole, tutazame za mwisho. Sita zilichukua zaidi ya nusu dakika. Akasema, "Mtu aliyengoja sana ndiye atakayebonyeza tena, na hapo ndipo mtakapoona mabaya." Ikawa kweli. Tulipolinganisha makopo na hesabu, kijana mmoja kopo lake lilikuwa na punje 34, lakini benki ilimwandikia 24. Karani wake alikuwa amengoja, akadhani kazi haikupita, akabonyeza mara ya pili. Zote mbili zikapita. Jumla ya benki haikubadilika kwa kosa hili, kwa kuwa kilichotoka huku kiliingia kule, wala bila ya makopo tusingalilijua. Karani yule nilikuwa mimi. Kijana akasimama mbele yangu ameshika kopo lake, akisema kwa heshima, "Kaka, zangu ni 34, zihesabu." Nikazihesabu. Zilikuwa 34.

Duru ya tatu mwalimu aliuchomoa waya wa kompyuta ya ofisi bila kutuambia, akamnong'oneza kijana mmoja maneno. Kijana akaenda dukani akanunua kalamu kwa punje zake zote 50, kisha akakimbia ofisini akanunua nyingine kwa punje zile zile. Kompyuta ya ofisi, ambayo haikuwa na habari za duka, ikampa. Tulicheka sana, lakini kama zingekuwa fedha za kweli tusingalicheka.

Duru ya nne alizima umeme wa jengo zima, kama unavyokatika wenyewe mara kwa mara. Umeme uliporudi, kazi tatu ambazo kompyuta zilikuwa zimekwisha kuzijibu TAYARI hazikuonekana mahali popote. Zilikuwa katika kumbukumbu ya muda, wala hazikuwa zimeandikwa katika diski. Nakala zetu tatu zilikuwa zimetegemea umeme mmoja, kwa hiyo zilizimika kama nakala moja. Mwalimu akatukumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipodhoofika katika Tanzania na nchi jirani. Nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika siku hiyo moja. Kuwa na njia mbili ni vyema, lakini sharti mtu aulize kama zaweza kukatika pamoja.

Nakiri kwamba baada ya duru ya nne nilikasirika. Niliona kwamba mwalimu anaivunja kazi yangu kwa makusudi. Nikamwambia kwamba hakuna benki inayochomolewa waya na mwenyewe. Akanipa kitabu nisome, nikakuta kwamba nilikosea. Kampuni ya Netflix ya Marekani ilitangaza mwaka 2011 kwamba ina programu iitwayo Chaos Monkey, ambayo kazi yake ni kuzizima seva za kampuni yenyewe ovyo ovyo, tena saa za kazi, wakati wahandisi wapo na macho yao ni mazima. Tena yuko mtaalamu wa Marekani, Kyle Kingsbury, ambaye tangu mwaka 2013 huzipima hifadhidata za makampuni mbalimbali kwa kukata mawasiliano kati ya mashine zao katikati ya kazi, na mara nyingi ameonyesha kwamba hazitimizi yale wenyewe waliyoyaahidi. Wengi wa wenye hifadhidata hizo walitengeneza makosa yao, na wengine wakamwajiri awapime tena. Hilo lilinishangaza kuliko yote: mtu kulipa fedha ili aonyeshwe kosa lake.

Basi tukaanza kutengeneza. Kwanza, kila kazi ilipewa namba yake. Ikija mara ya pili kwa namba ile ile, kompyuta hujibu kwamba imekwisha kuifanya, wala haiirudii. Pili, hesabu ya mtu mmoja ikishikwa na karani mmoja, mwingine hungoja mpaka iachiliwe. Tatu, kompyuta haisemi TAYARI mpaka iwe imeandika katika diski. Nne, hapana kazi inayokubaliwa mpaka kompyuta mbili kati ya tatu ziwe zimeikubali. Hiyo ndiyo kanuni ya walio wengi: katika tatu ni mbili, katika tano ni tatu. Waya ukikatika, hakuwezi kuwa na walio wengi pande zote mbili, kwa hiyo yule mnunuzi wa kalamu mbili atapata moja tu. Kompyuta ya maktaba tukaiunganisha na betri ya sola.

Haya yote yalikuwa na bei yake. Kazi iliyochukua sekunde mbili sasa yachukua tatu. Na kompyuta iliyotengwa na wenzake hukataa kazi, ikiandika NANGOJA WENZANGU, hata kama mwenye hesabu amesimama mbele yake ana haraka. Tulijaribu sana kuikwepa bei hiyo, mpaka mwalimu akatwambia kwamba haikwepeki. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Marekani alisema hivyo, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kwa hisabati: mawasiliano yakikatika, sharti uchague ama kuendelea kumjibu kila mtu, ama kuhakikisha kwamba majibu yote ni ya kweli. Sisi tulichagua kweli, kwa sababu ni fedha za wazazi.

Duru ya mwisho tulileta mabaya yote kwa pamoja: watu 40 kwa mbio, waya ukachomolewa, umeme ukazimwa, makarani wakaamriwa kubonyeza mara mbili. Tulipomaliza, jumla ilikuwa 2,000 katika kompyuta zote, na makopo 40 yalilingana na hesabu 40. Hatukupiga kelele. Tulizihesabu tena.

Jioni ile nilibaki na mwalimu kukusanya mahindi. Nikamwambia kwamba programu yetu sasa ni nzuri. Akasema, "Ni nzuri kuliko zamani. Kipimo hufichua kosa lililoko. Hakiwezi kuapa kwamba hakuna lingine. Lakini angalau mashine hii haioni haya. Ukiiuliza penye kosa, yasema." Hakuwa na habari ya jambo langu, lakini nilishindwa kuondoka. Nikaenda dukani, nikalileta daftari la mwaka jana, nikamwonyesha mistari ile miwili.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana yuko kidato gani sasa?" Nikasema, cha Pili. Akasema, "Basi si mimi wa kuambiwa kwanza."

Nilimkuta kisimani anafua. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba shilingi 15,000 si neno, maana bibi yake alimtumia nyingine. Lililomuuma ni kwamba mpaka leo bibi aamini alizila zile za kwanza. Akasema, "Kaka, bibi hajui kusoma, lakini ukimwandikia, mjomba atamsomea." Nikaandika barua siku ile ile, nikaeleza kwamba mjukuu wake hakula fedha, kwamba karani alikosea, na karani ni mimi. Mwanafunzi yule mwingine, aliyelipwa kwa haki yake, hakuwa na kosa lolote. Kwa hiyo zile 15,000 zilizosalia bila mwenyewe zilitafutwa katika hesabu za duka, zikapatikana miongoni mwa ziada ya mwezi wa Juni ambayo tulijisifu kuwa ni faida. Zimerudishwa. Mbele ya mkutano wa chama nililisema kosa hilo, na hivi sasa nalisema mbele yenu.

Siku hizi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sisi wa chama cha kompyuta huleta mahindi na kuipima benki upya, kwa nakala ya pembeni ili fedha za kweli zisiguswe. Mwezi uliopita tulipata kosa jingine dogo. Tulilibandika ubaoni pamoja na jina la aliyeliandika. Lilikuwa langu.

Mimi naondoka mwaka huu, baada ya mtihani. Wadogo zangu mtakaobaki na benki hii, msiache kuchomoa waya. Na makopo yako kabatini, upande wa kushoto. Yafunikeni vizuri, kwa sababu ya panya.

Kidato cha IV B